Kusoma kwa Mbio na Kusoma kwa Ufasaha

Hapana swali ambalo mzazi huliuliza shuleni kwa moyo kuliko hili: "Je, mwanangu ajua kusoma?" Nalo ni swali la haki. Mzazi amenunua sare na daftari. Amekubali mbuzi wachungwe na mtu mwingine, na maji yachotwe na mkono mwingine, ili mtoto apate kukaa darasani. Basi ataka kujua kazi hiyo imezaa nini. Zamani mwalimu alimjibu kwa neno tu, "Ajua," ama "Bado kidogo." Siku hizi, katika nchi nyingi, jibu huletwa kwa tarakimu: "Asoma maneno 38 kwa dakika moja." Jibu la namna hii lina heshima yake, kwa kuwa tarakimu haina upendeleo wala haiogopi uso wa mtu. Walakini nataka tuulizane, wasomaji wapenzi, kama tarakimu hiyo ni jibu la swali la mzazi, ama ni jibu la swali jingine ambalo mzazi hakuliuliza.

Kabla ya kukipima kitu yafaa tukijue. Kusoma kwa ufasaha ni mambo matatu, nayo yashikana kama mafiga matatu yabebayo chungu kimoja. Figa la kwanza ni usahihi: mtoto alitamke neno lililoandikwa, si lile alilolikisia. Ikiwa imeandikwa "kufaa", asisome "kufa", maana hapo herufi moja yaweza kumzika mtu aliye hai. Figa la pili ni mwendo: asiende kama kinyonga ajaribuye kila tawi kabla ya kulikanyaga, wala asikimbie kama mtu afukuzwaye na nyuki, bali asome kwa mwendo wa mtu anenaye na wenzake. Figa la tatu ni sauti ifuatayo maana: kupumzika penye kituo, kupandisha sauti penye kuuliza, na kuyafunga pamoja maneno yaliyo ya fungu moja. Ukiliondoa figa moja, chungu chapinduka, hata kama yale mawili yaliyobaki ni mawe mazuri.

Sasa mtu asidhani kwamba naudharau mwendo. Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, David LaBerge na S. Jay Samuels, walieleza kwa nini mwendo una faida, na maelezo yao kila mwanamke aliyejifunza kubeba mtungi kichwani atayafahamu. Msichana abebaye mtungi kwa mara ya kwanza hawezi kufikiri neno jingine ila mtungi: shingo imekaza, macho yametazama mbele, na ukimwita haitiki. Mama yake abeba mtungi uo huo, naye azungumza na jirani, amtuliza mtoto aliye mgongoni, na aona nyoka njiani. Akili ya mama haikuwa kubwa kuliko ya binti, ila mtungi haumli tena mawazo. Ndivyo ilivyo katika kusoma. Mtoto ambaye bado ahangaika na "a-li-po-fi-ka" hutumia akili yake yote kwa herufi. Na afikapo mwisho wa sentensi, mwanzo wake umekwisha kupotea. Basi kusoma kwa kusitasita sana ni mzigo wa kweli, na mwalimu auonaye asiufumbie macho.

Kwa hiyo watu waliotafuta njia ya kuupima mzigo huo hawakukosea kutafuta. Lakini historia ya kupima yatufundisha kwamba kipimo, kama moto, hutegemea kimewekwa wapi. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza, kwa shauri la Robert Lowe, ilitoa kanuni ya kuzilipa shule kwa kadiri ya watoto waliofaulu. Mkaguzi alifika, akamsikiliza kila mtoto akisoma, akatazama mwandiko wake na hesabu yake. Na kwa kila somo ambalo mtoto alishindwa, shule ilipunguziwa shilingi 2 na peni 8. Matthew Arnold, ambaye tangu mwaka 1851 alikuwa mkaguzi wa shule naye pia mshairi mwenye jina, aliipinga kanuni ile. Aliona kwamba kwa werevu wa kuwatayarisha, watoto waliweza kupita katika mtihani wa kusoma hali hawajui kusoma kwa kweli. Kitabu cha mtihani kilijulikana. Basi kilirudiwa na kurudiwa mpaka kikakaa kinywani bila kupita machoni. Mwalimu hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu mwenye mshahara wake mikononi mwa mtoto wa miaka 7. Kanuni hiyo iliondolewa kidogo kidogo, ikaisha katika miaka ya 1890.

Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, Stanley Deno na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitengeneza kipimo cha dakika moja. Walikusudia kuwasaidia walimu wa watoto wenye shida ya kujifunza. Mtoto alisoma kwa sauti dakika moja katika kitabu cha darasa lake. Mwalimu akahesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, akatia alama katika karatasi. Na baada ya majuma kadhaa akatazama kama alama zapanda ama zimelala. Zikiwa zimelala, mwalimu alijua ya kuwa njia yake ya kufundisha haimfai mtoto yule, akaibadili. Angalieni vema, wasomaji: hapo kipimo kilikuwa kama fimbo ya kipofu, kitu cha kumwonyesha mwalimu mahali pa kukanyaga. Hakikuwa fimbo ya kumpigia mtoto.

Ndipo fimbo ikageuzwa. Mwaka 2000 baraza la wataalamu wa kusoma lililoundwa Marekani liliutaja ufasaha kuwa mmoja katika misingi mitano ya kufundisha kusoma. Sheria ikafuata mwaka 2002, pamoja na fedha nyingi za serikali kwa shule za watoto wadogo, na vipimo vya dakika moja vikaenea, hasa vile viitwavyo DIBELS, vilivyotoka Chuo Kikuu cha Oregon. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja mzee, Kenneth Goodman, alitoa kitabu cha kuvishutumu, akisema vyamfundisha mtoto kwamba kusoma ni kushindana na saa. Katika miaka ile ile, yaani 2006 na 2007, taasisi ya RTI International, kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID, na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilitengeneza upimaji uitwao EGRA kwa nchi zenye shule maskini. Ulijaribiwa Senegal na Gambia mwaka 2007, kisha ukaenda katika nchi nyingi, na Kenya na Tanzania zimo.

Tuutazame upimaji huo kwa haki, maana mtu asiyeona wema wa kitu hana ruhusa ya kusema ubaya wake. Mpimaji huketi na mtoto mmoja mmoja. Humwonyesha herufi ama silabi, kisha maneno, kisha hadithi fupi ya maneno yapata 60. Mtoto husoma kwa dakika moja, kisha huulizwa maswali, aghalabu 5, juu ya yale aliyoyasoma. Wema wake mkubwa ni huko kuketi na mtoto mmoja mmoja. Katika darasa la watoto 80 wenye kuitikia kwa pamoja, kila mtoto aonekana msomaji: mwalimu agusa ubao kwa ufito, na sauti 80 zapaa hata bati latetemeka. Ukimwita mmoja peke yake, ukimfunika sehemu ya ubao, ndipo waona kwamba alikuwa akifuata sauti ya jirani. Upimaji wa mtoto mmoja mmoja uliyafunua hayo, na serikali zikastuka. Nchini Tanzania mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, wenye kukaza Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulitoka mwaka 2015. Na mwaka huo huo Kenya ilianza mpango wake wa Tusome katika shule zote za serikali. Haya ni matunda mema.

Lakini nina mashutumu manne. Mawili ya kwanza yahusu lugha yetu yenyewe.

La kwanza ni hili: kuhesabu maneno si sawa katika kila lugha. Kipimo cha maneno kwa dakika kilizaliwa katika Kiingereza, na Kiingereza huandika maneno mafupi mafupi yenye kusimama mbalimbali. Kiswahili huyafunga mengi katika neno moja. Chukua sentensi hii: "Juma hakumwambia babaye alikokwenda." Hayo ni maneno 4. Mwingereza, ili aseme jambo lilo hilo, hutumia maneno 10. Basi mtoto wetu aliyesoma maneno 4 amebeba mzigo wa maneno 10, naye huandikiwa 4. Tena hata ndani ya Kiswahili chenyewe maneno hayalingani. "Paka ana njaa sana leo" ni maneno 5, nayo yana silabi 10. "Wanafunzi walimsindikiza mwalimu wakamwimbia njiani" ni maneno 5 pia, lakini silabi zake ni 22. Ukimpa Anna hadithi ya paka na Petro hadithi ya wanafunzi, kisha ukasema Anna ni hodari mara mbili, umempima mmoja kwa pishi na mwingine kwa kibaba.

Waliopanga viwango walilijua jambo hili, na lazima tuwape haki yao: Kenya iliweka maneno 45 kwa dakika kuwa kiwango cha msomaji fasaha wa Kiswahili, na maneno 65 kwa Kiingereza. Lakini ujuzi huo hukaa katika ofisi, haufiki darasani. Yako majedwali ya Marekani ambayo mwalimu yeyote aweza kuyapata katika simu yake. Jedwali la Jan Hasbrouck na Gerald Tindal la mwaka 2017 lasema kwamba mtoto wa katikati, amalizapo darasa la pili, husoma maneno 100 kwa dakika. Ni tarakimu ya kweli, lakini ni ya watoto wa Marekani wasomao Kiingereza. Mwalimu aichukuaye na kumvika mtoto asomaye Kiswahili, amemvika kanzu ya mtu mzima, kisha amlaumu kwa kujikwaa.

Shutuma la pili ni la sauti. Nimesema kwamba figa la tatu ni sauti ifuatayo maana. Figa hili saa haioni. Na katika Kiswahili hasara yake ni kubwa, kwa sababu mara nyingi sisi twauliza kwa sauti tu, bila kubadili neno hata moja. "Mama amerudi." "Mama amerudi?" Maneno ni yale yale na idadi ni ile ile, lakini mmoja atangaza habari, na mwingine aitafuta. Tena: "Baba Juma amefika" ni habari ya mzee mwenye mtoto aitwaye Juma, "Baba, Juma amefika" ni mtoto amwambiaye babaye habari ya ndugu yake. Kituo kidogo kimewabadili walioko mlangoni. Na neno "barabara" je? Ukilikaza penye silabi ya tatu, ni njia ya kupitia. Ukilikaza penye ya pili, maana yake ni sawasawa. Hapo mtoto hawezi kutamka vema kabla hajafahamu sentensi, nayo macho yake sharti yaende mbele ya kinywa chake yakapeleleze. Kazi hiyo ya upelelezi ndiyo kusoma, nayo yataka muda kidogo. Katika upimaji wa dakika moja, mtoto akisita sekunde 3 huonyeshwa neno linalofuata aendelee, na lile alilosita huhesabiwa kuwa limemshinda. Mara nyingine limemshinda kweli. Mara nyingine alikuwa akifikiri.

Sisi tuliozoea kusikia somo likisomwa kanisani twaijua tofauti hii bila kufundishwa na mtaalamu. Wako wasomaji wawili. Mmoja husoma mbio bila kukosea neno, na akisema mwisho, watu hutazamana, maana hapana aliyeshika kitu. Mwingine ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi; hupumzika, hutazama watu, hurudi katika kitabu; na siku ya tatu shambani watu bado wayarudia aliyoyasoma. Ukiwapima kwa saa, wa kwanza ndiye mshindi. Lakini hapana mkutano ambao ungemchagua.

Shutuma la tatu ndilo kubwa, nalo ni la kufahamu. Maandishi ya Kiswahili yana neema moja: kila herufi hushika sauti yake. Mtoto akijua "ba, be, bi, bo, bu" na silabi zilizobaki, aweza kutamka neno lolote, hata lile asilolijua kabisa. Mtoto wa Kiingereza hana neema hiyo. Humchukua muda mrefu zaidi kuyashinda maandishi yake. Lakini neema yetu ina mtego ndani yake. Katika vijiji vingi mtoto aingia darasa la kwanza hali lugha ya nyumbani ni Kisukuma, ama Kigogo, ama Kihehe, ama Kipare. Kwa juhudi ya mwalimu mwema, baada ya miaka miwili aweza kuyatamka maandishi ya Kiswahili kama maji yatelemkayo, huku maana yampita kama upepo upitao juu ya nyumba. Masikio ya mgeni yasema, "Huyu asoma." Tarakimu yasema hivyo hivyo. Ukimwuliza, "Hadithi yahusu nini?" atazama miguu yake.

Wenye upimaji watajibu: "Ndiyo maana twauliza maswali baada ya dakika." Ni kweli, lakini tazameni jinsi maswali hayo yanavyohesabiwa. Mtoto huulizwa tu juu ya sehemu aliyoifikia, na yale yasiyoulizwa aghalabu huhesabiwa kuwa sifuri. Tuseme Anna amesoma maneno 24 katika 60, polepole, akiyatia moyoni yote. Aulizwa maswali 2 ya sehemu ile, naye ayajibu yote mawili. Aandikiwa 2 katika 5. Petro amekimbia mpaka mwisho. Aulizwa maswali 5, ajibu 2 na kukosa 3. Naye aandikiwa 2 katika 5. Katika karatasi watoto hawa ni sawasawa. Lakini mmoja alielewa kila alichosoma, na mwingine hakuelewa zaidi ya nusu. Dawa ya Anna ni mazoezi ya kusoma. Dawa ya Petro ni lugha na mazungumzo. Karatasi iliyowafanya kuwa mgonjwa mmoja itampa mmoja wao dawa isiyo yake.

Kwa ajili hiyo nasifu kwamba ziko njia nyingine. Shirika la Pratham la India lilianza upimaji wake wa ASER mwaka 2005, na kwa mfano huo upimaji wa Uwezo ulianza Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2009. Wapimaji wake huenda nyumbani kwa watoto, si shuleni tu, hata asiyeandikishwa shule aonekane. Mtoto hupanda ngazi: herufi ama silabi, maneno, fungu fupi, kisha hadithi. Huko swali ni, "Umefika ngazi gani?" wala si, "Umekimbia kiasi gani?" Hata njia hii haikukamilika, kwa kuwa ngazi chache haziwezi kumweleza mtoto mzima, lakini haimfundishi mtoto kwamba kituo ni adui yake.

Shutuma la nne ni la matumizi. EGRA ilitengenezwa ili watawala wapate kujua hali ya shule za nchi kwa kuwasikiliza watoto wachache waliochaguliwa kwa kura, kama mpishi aonjavyo mchuzi kwa ncha ya kijiko. Mpishi hahitaji kuonja sufuria yote. Lakini kijiko hicho kimeingia madarasani. Mahali pengine watoto husimamishwa mbele ya wenzao, saa mkononi mwa mwalimu, na majina yao huandikwa ukutani kwa kufuata mwendo. Mtoto aliye wa mwisho hujifunza siku hiyo somo moja tu, nalo si la kusoma. Na aliye wa kwanza hujifunza kuruka vituo. Hapo Uingereza ya mwaka 1862 imezaliwa upya chini ya mwembe. Hasbrouck, mwenyewe mwenye jedwali, amewakumbusha walimu kwamba mtoto aliyekwisha kufika katikati hana haja ya kusukumwa akimbie zaidi. Wazee wetu walilisema kwa kifupi: mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Pengine mwalimu ataniuliza, "Sasa wataka tuache kupima?" La, sivyo. Huruma isiyopima ni uvivu uliovaa joho. Mtoto wa darasa la tatu asomaye maneno 10 tu kwa dakika ana shida, na kumwambia mzazi kwamba "ataendelea tu" ni kumficha mgonjwa uvunguni. Shirika la USAID, lililolipia mengi ya vipimo hivi, lilifungwa mwaka 2025. Basi yafaa zaidi sasa kwamba walimu na wazazi wajue kupima kwa masikio yao wenyewe, wasimngojee mgeni mwenye saa. Nami natoa mashauri haya.

Mwalimu na asome kwanza, watoto wasikie kusoma kwema kukoje. Maana mtoto hawezi kuiga wimbo asiousikia. Kisha mtoto asome fungu lile lile mara 3 ama 4 katika siku mbalimbali. Samuels, niliyemtaja juu, alionyesha mwaka 1979 faida ya kurudia hivyo: mwendo huja wenyewe, kama njia ya mguu ing'aavyo kwa kupitwa, wala hauhitaji kusukumwa. Kurudia huku si kule kukariri kulikomwudhi Arnold, ikiwa kila juma fungu jipya laletwa na macho ya mtoto yako juu ya maandishi.

Katika kusikiliza, mwalimu na atumie ngazi 4 ambazo wapimaji wa Marekani walizitumia mwaka 1992 kwa watoto wa darasa la nne. Katika ngazi ya kwanza mtoto husoma neno moja moja, kama atoaye mawe mtoni. Katika ya pili huunga maneno mawili mawili. Katika ya tatu huunga matatu ama manne, na sentensi yaanza kuonekana. Katika ya nne husoma kwa mafungu yenye maana, na sauti yake yaeleza habari. Ngazi hizi hazina gharama. Zataka sikio tu na daftari la mwalimu. Saa ikitumiwa, itumiwe faraghani, mara chache kwa muhula, na mtoto alinganishwe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, si na jirani yake. Na kila mara mtoto akimaliza, hata kama amefika katikati tu, aambiwe, "Haya, nisimulie." Akishindwa kwa Kiswahili, aruhusiwe kusimulia kwa lugha ya mamaye, maana tunalotaka kujua ni kama maana imeingia, si mlango ilioutokea.

Nanyi wazazi msiseme, "Sisi hatukusoma sana, tutapimaje?" Figa la tatu, ambalo saa haliwezi, nyinyi mwaliweza. Jioni, baada ya chakula, mwambieni mtoto amsomee bibi yake ukurasa mmoja, kitabu chochote kilichomo nyumbani. Bibi asiyejua herufi hata moja aweza kuwa mpimaji mwaminifu kuliko wengi. Akicheka penye kuchekesha, na akiuliza, "Kisha ikawaje?" mtoto amesoma. Asipoambulia kitu, na amwambie mjukuu kwa upole, "Rudia, baba, sikusikia vema." Mtoto atarudi katika mstari, atatafuta mahali pa kupumzika, atasoma tena kwa ajili ya mtu ambaye ataka kweli kujua kilichoandikwa.